Nyimbo za nyumbani kwetu: vifungo, treni na parachichi lililomeza jiwe

Nyumbani kwetu hapa Uyole kuna wimbo wa kuvaa sweta, wimbo wa kumaliza uji, wimbo wa kuoga, wimbo wa mvua ikipiga bati, na nyimbo za kulaza ambazo hizo ndo zinabadilika kila wakati kutegemea nani analala na nani kagoma. Hakuna hata mmoja utaukuta redioni. Zote tumetunga wenyewe, mimi, baba yao, bibi yao wa Tukuyu, na siku hizi watoto nao wameingia kwenye utunzi na kwa kweli wanatunga vizuri kuliko sisi. Nimetamani kuziandika muda mrefu maana naona zinapotea, mtoto akikua wimbo wake unakaa kimya, halafu siku unautafuta unakuta mstari wa pili umesahau, na hakuna jirani wa kumuuliza maana hakuna mwingine duniani anayeujua.

Majina ya watoto siyaweki hapa. Mkubwa yuko darasa la nne nitamwita Kaka, wa kati ana miaka minne na ndo tunamwita Bonge hata mtaani, na wa mwisho ni Kadogo, anatembea lakini maneno bado anayapanga.

Nianze na sweta maana huo ndo wimbo unaoimbwa kuliko yote. Mbeya tuko juu huku, kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi ya Uyole ukifungua mlango upepo unakupokea usoni. Sasa mvalishe mtoto sweta muda huo. Kwanza hataki kutoka kwenye blanketi, afu akitoka hataki kuguswa na kitu cha baridi, na sweta lililolala kwenye kiti usiku kucha nalo lina baridi yake. Kaka alipokuwa mdogo alikuwa analia mpaka majirani wanauliza kulikoni. Sweta lake lilikuwa la vifungo vinne, bibi yake alimfumia, na mimi siku moja nikaanza tu kumfunga toka chini nikitaja vituo vya daladala, sauti ya konda kabisa:

Uyole, shusha! Kitovu kimefunikwa,
Nanenane, shusha! Tumbo limefunikwa,
Sae, shusha! Kifua kimefunikwa,
Kabwe mwisho wa gari, shingo imefunikwa!

Ndo wimbo wote huo. Ila angalia kilichotokea. Kwenye kitovu bado analia, Nanenane kilio kinapungua maana anataka kusikia kituo kinachofuata, Sae yuko kimya ananitazama mdomo, na Kabwe tunapiga kelele wote wawili. Nimefikiria sana kwa nini ulifanya kazi na jibu langu ni hili, mtoto mdogo hajui jambo baya litaisha lini. Wewe unajua sweta ni dakika moja, yeye hajui, kwake inaweza kuwa ndo maisha yake yote yatakavyokuwa kuanzia leo. Wimbo unampa urefu. Anajua baada ya Sae ni Kabwe na Kabwe gari imefika, kwa hiyo anavumilia. Tangu nilivyoelewa hivyo kila kitu anachokichukia mtoto nakitafutia wimbo wenye mwisho unaojulikana, kupaka mafuta, kusafisha masikio, kunywa dawa ya kikohozi, na mwisho lazima uwe na kelele ya furaha.

Bonge alivyofika kwenye umri wa sweta Kaka akaurithisha, lakini akasema mambo ya vituo yamepitwa, siku hizi watu wanapanda bajaji na bajaji inasimama popote. Basi toleo la Bonge kifungo kinafungwa popote, anaanza cha katikati, anaruka cha juu, anarudi chini, na anayefunga lazima aulize "mama unashukia wapi?" na Bonge anajibu "hapo kwenye duka!" Wakati mwingine anatoka nyumbani kifungo kimoja kiko tundu la mwenzake, tunamuacha aende hivyo hivyo, si amevaa.

Kutunga kwenyewe hakuna uchawi. Watu wananiambia "mi sina kipaji bwana" na mi nawaambia Kiswahili kimeshafanya nusu ya kazi. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho, kwa hiyo ukiongea tu tayari sentensi zinaanguka kwa pamoja, vina vinajileta vyenyewe. Funika, shika, pika, fika, cheka, deka, mtoto wa kati ya miaka miwili na mitatu ukimpa hayo maneno anaweza kuyaimba asubuhi nzima. Halafu tuna milio. Chubwi! Pu! Kacha! Chwaa! Mtoto kabla hajajua kusema "nataka maji" anajua kusema chubwi. Wimbo wetu wa kuoga ni milio mitupu, beseni limejaa maji ya vuguvugu, unataja kiungo na kukizamisha, chubwi goti, chubwi paja, chubwi tumbo, na ukifika kichwani unanyamaza kidogo, mtoto anashika pumzi mwenyewe bila kuambiwa, ndo unamwagia. Huko kunyamaza ndo siri ya wimbo mzima, ukimwagia bila kunyamaza maji yanaingia puani.

Ukitaka sauti, noti tatu zinatosha. Panda, shuka, rudi ulipoanzia. Nimesikiliza wamama wengi wakiimbia watoto wao, wanaotoka Makete, wanaotoka Chunya, wanaotoka Songwe huko, na nyimbo za kutunga ghafla karibu zote ziko hivyo, fupi, zinajirudia, na jina la mtoto limo ndani. Jina ni lazima. Mtoto akisikia jina lake ndani ya wimbo anaacha anachofanya.

Sasa wimbo wa uji, huo ni wa bibi yao. Mama mkwe wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa shukrani sana, kwake huwezi kusimama mezani hujashukuru. Bonge alipokuwa kwake likizo akawa anakula uji wa ulezi anaacha nusu bakuli. Bibi hakumfokea. Alichofanya alianza kushukuru vyombo kabla uji haujaisha:

Ndaga fijo bakuli,
ndaga fijo kijiko,
ndaga fijo ulezi,
ndaga fijo na jiko.

Sharti lake bakuli haliwezi kushukuriwa likiwa na kitu ndani, linaona aibu. Bonge akawa anakula mbiombio ili ashukuru. Alivyorudi Uyole akaja na wimbo huo na sasa nyumba nzima inashukuru, hata baba yao akimaliza ugali anaambiwa na Kadogo "ndaga!" huku anaonyeshewa sahani kwa kidole. Mi natokea Iringa, kwetu salamu ni kamwene, na watoto wangu Kihehe wanajua kidogo na Kinyakyusa wanajua kidogo, sitajidanganya kwamba wataongea kama bibi zao, lakini maneno yaliyoingia kwenye wimbo hayatoki. Ndugu zangu wengi tumehama, tumeoana makabila tofauti, nyumbani tunaongea Kiswahili, ni sawa kabisa, ila kama unataka mtoto abaki hata na kipande cha lugha ya bibi yake kitie kwenye kitu anachoimba kila siku akiwa na njaa.

Huko huko Tukuyu ndo ulipozaliwa wimbo wa mvua, na huu naupenda mno. Asiyejua Tukuyu ajue ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ile mvua ikishuka kwenye bati usiku huwezi kusikilizana na mtu mliyelala naye kitanda kimoja. Kaka akiwa mdogo alikuwa anaogopa sana. Ukimwambia "usiogope ni mvua tu" haimsaidii maana ndo hiyo hiyo mvua anaiogopa. Mume wangu akaanza kuihoji mvua. Anauliza yeye kwa sauti ya kawaida, afu anajibu yeye yeye kwa sauti nzito ya mvua:

Mvua mvua, unamtafuta nani?
– Natafuta mahindi.
Mahindi yako shambani, pita.
Mvua mvua, unamtafuta nani?
– Natafuta migomba.
Migomba iko bondeni, pita.
Mvua mvua, unamtafuta nani?
– Natafuta majani ya chai.
Chai iko kilimani, pita.
Mvua mvua, si unamtafuta mtoto?
– Mtoto simtaki, mtoto hana majani!

Ule mstari wa mwisho ulimuua Kaka kwa kicheko. Akajipapasa mikono, akajipapasa kichwa, akahakikisha hana majani. Tangu hapo ikianza mvua anaitwa baba aje aihoji, na wakaanza kuongeza, mvua inatafuta viazi vya Uyole, inatafuta maharage, inatafuta parachichi za Rungwe, inatafuta chura kwenye dimbwi, usiku mwingine mvua inaisha wao bado wanahoji. Bonge yeye kamalizia kwa kujitia majani kweli, kachukua majani ya mchicha kaweka kwenye nywele akatoka barazani akaiambia mvua "mimi hapa". Huyo haogopi kitu.

Kuna kitu napenda kusema kuhusu nyimbo za kutisha maana wengi tumelelewa nazo. Kwetu Iringa mtoto akilia usiku anaambiwa nyamaza fisi anakusikia, lala fisi yuko dirishani, na kuna kubembeleza kwingi kwa Kiafrika na kwa wenzetu wa mbali pia kunaenda hivyo hivyo, lala usije ukaliwa. Hata zamani sana, kuna maneno ya kubembeleza mtoto yaliyoandikwa kwenye bamba la udongo huko Babeli kama miaka 4,000 iliyopita, na humo mtoto analaumiwa kwamba kwa kelele zake kamuamsha mungu wa nyumba. Kwa hiyo simlaumu mama yeyote, mtu amechoka, usiku mwingi, mtoto hanyamazi, anatafuta wa kumsaidia hata kama ni fisi. Ila kwangu nimeamua hapana. Mtoto aliyetishwa ananyamaza lakini halali, amekaza, ukimshika mgongo unausikia. Mi fisi nimembakiza kwenye wimbo maana ni mnyama wa kwetu, ila naye amelala:

Tembo kalala Ruaha, mkonga kaukunja,
twiga kalala Ruaha, shingo kaikunja,
tandala kalala Ruaha, miguu kaikunja,
fisi naye kalala, mkia kaukunja,
na we Kadogo wa mama, vidole umevikunja.

Kwenye mstari wa vidole namshika ngumi yake. Mtoto mchanga akianza kulala ngumi inafunguka taratibu, kwa hiyo hapo ndo najua tumefika wapi. Ikiwa bado imekaza narudia kwa tembo. Ikifunguka naacha maneno, nabaki na mguno tu wa ile sauti, na mguno nao naushusha. Huwezi kukata ghafla, ukikata ghafla anafumbua macho anakuangalia, na hapo umerudi mwanzo.

Mi nashona nyumbani, kwa hiyo Kadogo tangu yuko mchanga alikuwa mgongoni kwenye mbeleko mimi niko kwenye cherehani, na huo wimbo wa Ruaha mwendo wake ni mwendo wa pedali. Nikiwa na kazi ya haraka, labda sare za harusi, pedali inaenda mbio na wimbo unaenda mbio na mtoto halali. Ikabidi nijifunze kushona pindo polepole saa ya usingizi wake na kuacha zipu na kazi za kasi mpaka alale. Wateja wangu wengi nguo zao zina pindo nzuri sana kwa sababu hiyo.

Wimbo mwingine wa kulaza ni wa baba yao. Yeye amekulia Iyunga karibu na stesheni ya TAZARA, utoto wake wote ni honi za treni, na anaipenda reli ile kupita maelezo, atakwambia ilijengwa kuanzia 1970 ikamalizika 1975, atakwambia ni kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, atakwambia mahandaki mengi yako kipande cha Makambako na Mlimba ambako treni inashuka kutoka huku juu kwenda bonde la Kilombero. Haya yote ameyatia kwenye wimbo:

Treni imetoka Mbeya, abiria wanasinzia,
Makambako kuna baridi, shuka wamejifunikia,
mahandaki ya Mlimba, giza limewaingia,
Ifakara mpunga kimya, na mtoto katulia.

Ana sauti nzito na ya chini, anamlaza mtoto kifuani, na mi naamini nusu ya usingizi inatoka kwenye ule mtetemo wa kifua. Alianza kuwaimbia wakiwa tumboni, miezi ya mwisho mwisho, maana tulisikia kliniki kwamba mtoto anasikia sauti akiwa bado ndani, na Bonge alivyozaliwa nakumbuka analia wodini, baba yake akaingia akaanza "treni imetoka..." hata Mbeya haijafika mtoto kanyamaza anatafuta sauti inatoka wapi. Mama mmoja kitanda cha jirani akasema huyu anamjua baba yake. Nililia.

Shida ya wimbo wa treni ni maswali. Bonge saa hizi hawezi kulala kabla hajajua mambo yote, dereva analala saa ngapi? Kama abiria wote wamelala nani atawaambia wamefika? Kwa nini mpunga kimya, kwani huwa unaongea? Baba yake anajibu kwa wimbo, ameshaongeza mstari wa dereva wa zamu, mstari wa mkata tiketi, na mstari wa mwanamke anayeuza mahindi ya kuchemsha dirishani kwa kunong'ona. Wimbo uliokuwa wa mistari minne sasa unaweza kutoka Mbeya saa mbili usiku na saa tatu bado haujafika Mlimba. Lakini mtoto yuko kitandani, taa imezimwa, anacheka na baba yake gizani, mi sioni haraka ya nini.

Nimesoma pia kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal kule Kanada walitoa matokeo yao 2015, waliwachukua watoto wa miezi 6 mpaka 9 wakawasikilizisha nyimbo, na nyimbo zenyewe za Kituruki ambacho watoto hawakuwa wanakijua, wengine wakasikilizishwa maongezi. Walioimbiwa walikaa wametulia kama dakika 9 kabla ya kuanza kulalamika, waliosikilizishwa maongezi ya kitoto yale ya "jamani katoto ketu" walikaa dakika 4 na kidogo tu. Nilivyosoma niliwaza wamama wa kwenye daladala, mtoto analia na gari zima linamwambia nyamaza, nyamaza, nyamaza mtoto mzuri, na mtoto ndo anazidi. Mama yake angeanza wimbo wowote, hata wa kutaja vitu vilivyoko kwenye kikapu chake, vitunguu, nyanya, sabuni ya mche, ningemuunga mkono hapo hapo kwenye siti.

Simu je? Hilo swali naulizwa sana. Watoto wangu wanaangalia nyimbo YouTube wakati mwingine, bando likiwepo, na wamejifunza namba na rangi humo, sina ugomvi. Lakini kulaza mtoto kwa simu siwezi kukubali, na sababu yangu ni ileile ya ngumi. Simu haioni macho. Mtoto ameanza kusinzia, simu inaimba kwa kasi ileile na sauti ileile, afu wimbo ukiisha linakuja tangazo linapiga makelele mtoto anaruka. Anayeimba mwenyewe anaona kope zinashuka, anapunguza, anaona mtoto kashtuka, anarudi nyuma mstari mmoja, anajua leo kaanguka kwenye ngazi za jirani anaweka goti lake ndani ya wimbo analipa pole. Goti likipewa pole ndani ya wimbo linapona haraka, hilo wangu wote watatu watakuhakikishia.

Jirani yangu, dada mmoja mzuri tu tunasaidiana sana, aliniambia "mama Bonge, hizi nyimbo za upuuzi mtawaharibu watoto lugha, parachichi linameza jiwe wapi na wapi?" Huo wa parachichi ndo wimbo wa kwanza Bonge alioutunga peke yake, hakusaidiwa na mtu, nilikuwa nakata parachichi kwa ajili ya wali maharage yeye kasimama pembeni ananiangalia, nikaligawanya mara mbili kokwa ikaonekana, akaanza hapo hapo:

Parachichi limemeza jiwe,
parachichi linaumwa tumbo,
mama mama leta kisu,
jiwe limetoka, pu!

Aliimba "pu" muda uleule kokwa inadondoka kwenye sinia. Mtoto wa miaka minne. Kaona tatizo, kaona mgonjwa, kaita daktari, kamalizia na tiba, mistari minne imekamilika na mlio wake. Mi nilimjibu jirani kwa heshima zote kwamba mtoto anayejua kwamba parachichi halimezi jiwe, na bado akaweza kulisema, huyo anaijua lugha vizuri. Anaichezea kwa sababu ni yake. Anayebabaika ni yule anayeogopa kukosea. Na darasani Kaka, aliyelelewa kwa nyimbo hizi hizi, insha zake mwalimu anazisomea wenzake. Sisemi ni kwa sababu ya wimbo wa sweta. Ila najua tangu akiwa hajaota meno yote alishajua neno lina mlio, lina mwendo, na linaweza kugeuzwa.

Bonge sasa anamlaza Kadogo mwenyewe mchana kwa wimbo wa parachichi. Anauimba polepole mno, "parachiiichi limemeeeza", anampigapiga mgongoni, na ile pu ya mwisho ameigeuza kuwa pumzi tu, fuu, anampulizia shingoni. Hakuna aliyemfundisha kushusha sauti. Kaona sisi.

Nimenunua daftari kubwa la kauntabuku nimeanza kuziandika, kila wimbo na nani katunga na ulikuwa unatumika wapi. Kaka anachora, kwenye ukurasa wa treni kachora abiria wote wamefumba macho isipokuwa mwanamke wa mahindi. Nimeacha nafasi chini ya kila wimbo kwa sababu najua zitaongezeka mistari. Bibi wa Tukuyu naye ana zake nyingi za zamani alizowaimbia wanawe, likizo ya mwezi wa kumi na mbili nakaa naye nimrekodi kwenye simu afu niandike taratibu, na mama yangu Iringa vilevile.

Kinachotusumbua saa hizi ni kucha. Kadogo hataki kukatwa kucha kabisa, anakunja mkono anauficha kwapani, na wimbo wenye mwisho unaojulikana ungesaidia lakini vidole ni kumi, wimbo unakuwa mrefu mno kwake, akifika cha nne amechoka. Baba yao anasema tukate mkono mmoja leo na mwingine kesho, kila mkono ni familia ya watu watano wanaenda kinyozi. Kaka anataka kila kidole kiwe mchezaji anayebadilishwa uwanjani. Mi nina mstari mmoja tu hadi sasa, "dole gumba kaingia kinyozi, katoka mzuri kama mwenyekiti", na Bonge anasema huo mbaya, mwenyekiti wetu wa mtaa ana upara.